Kabati Langu Lina Kosa la Kung'aa

Kabati langu, nimeambiwa, lina kosa moja: linang'aa. Ni kabati la mninga, vioo juu, droo chini, limepigwa vanishi mikono mitatu na fundi ambaye kabla ya kila mkono alimwaga maji uani na kufukuza kuku na watoto ili vumbi lisitue. Ukiingia sebuleni kwangu jioni taa inawaka, unajiona kwenye mlango wa kabati kuanzia kifuani kwenda juu. Hapa Masasi hiyo ni sifa. Mgeni anakaribishwa, anakaa, anajiweka sawa kola kwa kujitazama kwenye kabati la watu, ndipo anasema kilichomleta.

Kosa limeonwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Newala, aliyeshuka kutoka Dar es Salaam na begi la magurudumu na kazi mpya ya kupamba nyumba za watu. Shikamoo yenyewe ilikuwa nusu, macho yalishaanza kazi. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akageuka polepole, kona hadi kona.

"Mjomba, vitu vyako vizuri," akasema. "Ila havina historia."

Nikamketisha nimpe historia. Kabati hilo ni la msimu wa 2018. Mwaka ule wanunuzi walikuja mnadani na bei ambazo wakulima walizitazama, wakatazamana, wakazikataa. Korosho zikakaa, hadi Novemba Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Mimi fundi nilimlipa kwa awamu, na yeye akaniletea kabati kwa awamu: kwanza kiwiliwili, baadaye sana milango, vioo vikaja mwisho kabisa, wakati vyombo vimeshazoea kukaa wazi.

"Hiyo ni historia ya kusimuliwa," akasema. "Mimi nataka ya kuonekana. Mikwaruzo, mjomba. Rangi iliyobanduka. Kitu kionekane kimeishi."

Nimeshavuka sitini. Kama sebule inataka kitu kinachoonekana kimeishi, mimi mwenyewe nakaa humo kila jioni, na sijasikia mtu akinipiga picha.

Basi nikasomeshwa kwenye simu. Kumbe kuna mama Mwingereza, Rachel Ashwell, ambaye mwaka 1989 alifungua duka huko Santa Monica, California, akaliita Shabby Chic. Alichouza ni samani kuukuu: meza zilizopigwa rangi nyeupe halafu zikasuguliwa kingo mpaka mbao ichungulie, makochi yaliyovalishwa vitambaa vyeupe vya kuvua na kufua, mapazia ya maua ya waridi yaliyopauka kana kwamba yameanikwa juani tangu enzi za vita. Chimbuko lake ni majumba ya shamba ya Uingereza, yale ya koo za kale, ambako kochi alilokalia babu ndilo anakalia mjukuu, na kitambaa kikichanika kinawekewa kiraka, hakuna anayehangaika. Wenyewe walikuwa wamekaa tu. Wamarekani, ambao hawakuwa na babu wa namna hiyo, wakaona wamnunue.

Biashara ikanoga. Mwaka 2004 vitu vyake vikaingia kwenye maduka makubwa ya Target, kwa hiyo kikombe kinachoonekana cha bibi kikawa kinatoka kiwandani kwa katoni. Nilipofika kwenye habari kwamba mwaka 2009 kampuni hiyo iliomba kinga ya mufilisi, nilikaa vizuri kwenye kiti. Nikasema afadhali, kumbe hata kule kuna watu wana macho.

"Alirudi, mjomba," mpwa akasema bila kuinua uso. "Akafungua maduka mengine."

Nikamwambia anipishe nikalale.

Kesho yake niliamka kwa sauti ya msasa. Asiyeijua sauti hiyo ni yule ambaye hajawahi kulipia vanishi. Nilitoka chumbani na kanzu ya kulalia, nikamkuta mpwa uani, amejifunga kanga, amepiga magoti mbele ya meza ndogo ya kahawa. Kabati lilikuwa salama, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa sebule na mwiko. Ila meza alishaitoa kafara. "Mwache afanyie hiyo," aliniambia. "Ina mguu mmoja mbovu."

Nikavuta kigoda nikatazama, maana kulalamika bila kuwa na ushahidi si tabia yangu. Kwanza alikwangua vanishi yote. Kisha akachukua rangi ya maji, akachanganya na unga wa jipsamu mpaka ikawa nzito kama uji wa mgonjwa. Huko kwa wenzetu, akaniambia, inauzwa tayari kwenye makopo, na kopo moja kwa hesabu aliyonitajia linalisha nyumba hii hadi mwisho wa juma. Akapiga mkono wa kwanza, rangi ya kijivu. Ikakauka. Akachukua mshumaa, ule wa siku umeme ukikatika, akausugua kwenye kingo zote na kuzunguka miguu. Nikauliza wa nini. Akasema nta inazuia rangi ya juu isishike, ili ikikauka uisugue itoke vipandevipande. Kwa maneno mengine, anapaka rangi huku anaweka utaratibu wa kuibandua. Mafundi rangi niliowahi kugombana nao mji huu wote walikuwa wamefika huko bila mshumaa.

Juu akapiga nyeupe. Ikakauka, akaisugua. Kijivu kikatokeza, na chini yake mninga. Nikadhani yamekwisha. Akaenda banda la nyuma akarudi na mnyororo wa baiskeli, akaanza kuipiga meza.

Sisemi aliigonga. Aliipiga. Akapumzika, akaipiga tena, halafu akashika fungu la funguo zangu akalitupa juu yake kwa namna ya kutojali, ili alama zisifanane. Mwisho akachukua msumari mwembamba na nyundo, akatoboa vijitundu vidogo kwenye mguu mmoja, vitatu hapa, viwili pale, kimoja peke yake.

"Na hivyo?"

"Wadudu, mjomba."

Mimi kila mwaka natoa hela ya dawa ya mchwa. Nyumba yangu ya kwanza, wakati nikiwa kijana, mchwa walikula fremu ya dirisha mpaka ikabaki rangi peke yake imesimama. Sasa napata mtoto wa dada yangu anawafanyia kazi ambayo hata wao hawajaifikia.

Kabla jua halijazama jirani alikuwa ameshafika. Kipigo kilisikika. Mama huyo hapendi kupitwa, na kwa heshima ya ujirani aliuliza kwanza hali za watoto, kisha hali ya ng'ombe ambao sina, huku shingo ikinyooka kuelekea uani. Aliiona meza. Akanyamaza kidogo. Akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo halijapata kutokea.

Asubuhi mume wake alinisimamisha barabarani akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole, bwana. Haya mambo ni ya msimu tu. Yatakaa sawa." Sikujua ananipa pole ya nini mpaka jioni mtoto wao alipokuja na kopo la rangi ya mafuta, nusu, limefunikwa na nailoni. Mama amesema mumalizie, wao imebaki.

Nikalipokea. Ukikataa rangi ya watu umekiri kwamba meza imeachwa vile kwa makusudi, na mimi bado nina jina hapa mjini.

Hapo ndipo ninapogombana na mama yule wa Santa Monica. Uchakavu wake una sharti ambalo simu haikulionyesha: mwenye nyumba awe na uwezo wa kununua kipya, na watu wajue kwamba anao. Wale mabwana wa majumba ya Uingereza walikaa kwenye makochi yaliyochanika huku ardhi yote unayoiona dirishani ni yao. Hakuna jirani aliyewaletea nusu kopo. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, utakuta hoteli ina ukuta wa chokaa uliomenyeka hadi mawe ya matumbawe yanaonekana, na mgeni ameegemea hapo anapigwa picha ya harusi. Wapo hata wanaovunja majahazi yaliyochoka na kuunda meza kwa mbao zake, matundu ya misumari yameachwa wazi, na meza hiyo bei yake si ya kuulizia ukiwa umesimama. Ukuta wa namna ileile ukiwa wa mgahawa wa hapa Masasi, bwana afya anaingia na daftari. Na huku kwetu mambo yamekaa kinyume: msimu ukiwa mzuri, kama ule wa 2024 minada ilipofunguliwa Oktoba na bei ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, watu wanakimbilia vitu vinavyong'aa. Mabati yanayoonekana toka mlima wa Mtandi. Makochi ambayo nailoni ya dukani haitolewi, mtu anakaa juu yake jasho linamtoka, lakini kochi linabaki jipya. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kitu chake hakina historia, atakuonyesha: historia ndiyo iliyomfanya aache nailoni.

Mpwa hakukata tamaa. Alisema hata hilo la jirani ni kwa sababu tumeanza na meza peke yake, haina wenzake. Akataka apelekwe kwa fundi, akaagize kitanda.

Fundi wangu ni mtu wa adabu. Alimsikiliza binti mpaka mwisho, picha baada ya picha, huku akijifuta vumbi la randa kwenye nyusi. Kisha akanigeukia mimi. Alipokuwa mwanafunzi, akasema, fundi aliyemfundisha alikuwa anapitisha kiganja juu ya mbao, na kiganja kikikwama mahali, mwanafunzi hali chakula cha mchana. Aliyemfundisha yeye alifundishwa na watu waliotoka karakana za wamisionari kule Ndanda, ambako Wabenediktini walianza mwaka 1906, na kwa watu hao kiungo kilichoacha nafasi ya karatasi kilikuwa dhambi ya kuungamiwa. "Leo, mzee, unaniletea binti anataka nitoboe mbao ionekane imeliwa."

"Simleti mimi," nikasema. "Amekuja na basi."

"Wadudu tunao. Wangefanya bure."

"Hana muda wa kusubiri."

Akafikiri. Akachukua penseli sikioni akaandika kwenye kipande cha ubao, akamwonyesha binti. Bei ya kitanda kilichozeeshwa ilikuwa imezidi ya kitanda kipya kwa karibu nusu. Nikaruka. Fundi akanieleza kwa upole kwamba kutengeneza kitanda ni kazi ya siku kadhaa, lakini kukizeesha ni kazi ya miaka, na yeye akiombwa kuikunja hiyo miaka iingie kwenye wiki moja, lazima alipwe. Mpwa akasema ni sawa kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba hawa wawili wamepatana na mimi ndiye niliyebaki nje.

Mwisho wa wiki tukaenda Newala, kwa sababu mpwa alitaka kumsalimia mama yake na, kwa pumzi ileile, kuona kuna vitu gani. Kama mtu anataka kujua kitu kinavyozeeka bila mnyororo wa baiskeli, apande gari la Masasi kwenda Newala. Kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi ni kilomita 160 za kazi ya lami, na mahali ambapo lami haijafika, udongo mwekundu unakufikia kabla yake. Nilipanda na shati jeupe. Kufika juu ya uwanda lilikuwa na rangi ambayo mpwa aliitazama kwa makini, akashika ukosi kati ya vidole, akaniomba nisilifue.

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama Shimo la Mungu unaona ardhi inaporomoka chini ya miguu yako, na mbali kule ni bonde la Ruvuma na Msumbiji. Wageni husema pazuri. Ni pazuri, ila upepo unaotoka huko chini unakuja na kila kitu ulichokiona. Unapita kwenye matundu ya matofali, unatua juu ya sahani. Ukifika Juni na Julai, mikorosho ikipulizwa salfa, kuna siku kila kilichoko uani kinapata mkono mmoja wa rangi ya manjano, sawasawa, bila michirizi. Fundi rangi wa kufanya hivyo kwa mkono sijamwona.

Juu ya uwanda huo hakuna mto. Mama zetu walikuwa wanateremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani, na mradi wa maji wa Makonde uliojengwa miaka ya 1950 ndio ulioanza kuyapandisha kwa pampu. Mpaka leo mtu wa Newala akijenga, anafikiria mabati kwanza kama paa, halafu kama mtego wa mvua. Sasa nieleze: ile siri kubwa ya Rachel Ashwell ni kuyavalisha makochi nguo nyeupe ambazo unazivua, unatupa kwenye mashine, zinatoka safi lakini zimekunjamana vizuri. Nilimwuliza mpwa mashine hiyo Newala itakunywa nini. Alisema uzuri wa mtindo huu ni kwamba hata zikiwa chafu kidogo zinapendeza. Dada yangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo, alisikia. Sitayarudia aliyoyasema, maana ni safu ya familia.

Lakini ukweli ni kwamba kwa dada yangu binti alipata alichokitafuta. Beseni la enameli lililomenyeka ukingo hadi bati likawa jeusi: likapigwa picha. Kibao cha mbuzi kilichotumika mpaka kikaingia katikati: picha. Chungu cha mama yetu marehemu, chenye masizi ya moto wa miaka na ufa uliozibwa, kikawekwa dirishani, akataka kukitia maua makavu. Dada akauliza nani anaweka maua makavu ndani ya nyumba wakati nje kumekauka kila kitu, hakuna haja hata ya kuyaleta. Magunia ya korosho nayo, yale ya katani, akayataka ashone foronya za mito. Hapo nilisimama. Msimu ukianza watu tunatafutana kwa ajili ya gunia. Nimeona watu wazima wakinuniana kwenye chama cha msingi kwa sababu ya gunia. Leo mtu alichane alitie pamba, mgeni alilalie kichwa, aamke shavu limeandikwa miraba?

Nilipolalamika kwamba tamaa hii ya vitu vikuukuu vya watu ni ugonjwa wa mjini, dada yangu, bila kukusudia kunisaidia, akanikumbusha Wajerumani. Mwaka 1906 alifika huku Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa Masasi, akapanda Newala, akazunguka akinunua: vinyago, vyombo, vitu vya ndani ya nyumba, na kadiri kitu kilivyotumika ndivyo alivyokitaka. Wenyeji waliouza hawakuwa na haja ya simu kugundua kwamba mzungu hapendi kipya. Somo hilo wauza vinyago wa mijini wamelishika hadi leo. Kinyago cha mpingo kwa ajili ya mtu wa kwetu kinapigwa kiwi ya viatu mpaka kinameremeta. Lipiko, kile kinyago cha kuvaa, la kumuuzia mgeni anayetaka la kale linafukiwa ardhini, linatiwa moshi, linapakwa mafuta, linafutwa, na baada ya hapo bei yake inaongezwa mjukuu wa babu na babu wa babu.

"Unaona, mjomba?" mpwa akasema. "Mnyororo wa baiskeli ni wetu."

Sikujibu. Nilikuwa natafuta maji ya kunywa.

Kuna pigo jingine ambalo sikulitarajia, na lilitoka ndani ya nyumba yangu. Tuliporudi Masasi, mpwa alianza kutoa vile vitambaa vya kufuma ambavyo mke wangu ameviweka mgongoni mwa kila kochi, juu ya redio, juu ya televisheni, chini ya kila kitu kinachoweza kuwa na chini. Vitambaa hivyo nimekuwa navipinga tangu tuoane. Ukiegemea kinakuja na wewe. Nimewahi kwenda msibani na kitambaa kimening'inia mgongoni, na watu kwa huzuni yao hawakuniambia. Basi nikafurahi: angalau kuna jambo moja mtindo huu na mimi tumekubaliana. Binti alivikusanya vyote, akavikunja, akavitazama, akafungua simu. Akatazama simu, akatazama kitambaa. Kisha akaanza kuvirudisha kimoja kimoja, pole pole, kwa heshima. Kumbe huko kwa wenye mtindo, vitambaa vya kufuma kwa mkono ndivyo vinavyotafutwa kuliko vyote, na vikiwa vimegeuka rangi kidogo ndiyo zaidi. Wasio navyo wanaloweka vipya kwenye maji ya chai ya rangi ili vipate unjano.

Mke wangu hakusema neno. Alileta vingine sita kutoka kabatini, na tangu siku hiyo hata birika la kunawia lina cha kwake.

Kabati limebaki. Tulilipigia kura, nikalitetea peke yangu na likashinda, kwa kuwa fundi alipoitwa kulizeesha aliligusa mlango kwa kiganja, kiganja kikateleza hadi mwisho, akasema kazi yake mwenyewe hawezi kuipiga mnyororo, labda atafutwe fundi mwingine. Nikamtolea soda.

Lililoniudhi hasa ni la mlango. Banda la kuku la dada yangu kule Newala lilikuwa na mlango wa mbao ambao ulikuwa wa nyumba ya mama. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, tulipohamishwa kwenda kijiji kipya, watu walibeba walichoweza, na sisi tulibeba mlango. Nasema sisi, lakini upande wa bawaba ulikuwa kichwani kwangu, na nilikuwa mtoto. Ulipigwa bluu, baadaye kijani, baadaye tena bluu ya aina nyingine iliyobaki kwenye kazi ya zahanati, na jua na mvua na kuku wakafanya yao. Mpwa alipouona hakusema kitu, alikaa chini tu akautazama. Nilidhani amechoka.

Wiki iliyofuata dada akanipigia simu, anacheka. Mlango umeondoka na basi la asubuhi, umefungwa kwa blanketi, unakwenda kuning'inizwa ukutani kwa mteja wa Dar es Salaam, hautafungua wala kufunga chochote. Akanitajia bei. Nikamwomba airudie. Kwa hela ile mtu anapata kabati, tena la mninga, tena milango inakuja siku moja na kiwiliwili.

Nikampigia mpwa. Nikamweleza kwa utaratibu, mtu mzima na mtoto wake, kwamba mlango ule ulipanda kilima juu ya kichwa changu, kwamba shingo yangu upande mmoja mpaka leo haizunguki vizuri, na kwamba kwa hesabu yoyote ile nusu ni yangu.

"Mjomba," akasema, sauti ya asali, "si unajua mila zetu Wamakonde? Anayemrithi mjomba ni mpwa. Mimi nimechukua mapema tu."

Nyuma yake nikasikia mtu anapiga kitu kwa mnyororo.

Nikamrudia dada, angalau nijue mambo ya maana. Nikamwuliza sasa kuku wanalala wapi, maana banda limebaki wazi na fundi wa Newala ana foleni. Akasema nisiwe na wasiwasi, kuku wako salama, wanalala kile chumba cha wageni ninacholala mimi nikienda. Ila nikitaka kwenda, niwe napiga simu kwanza, kwa sababu jogoo hapendi kushtuliwa.